Ngozi ya Nikeli: Mwongozo wa Kupata Haidrojeni Majini, kwa Mwalimu na Fundi wa Chilangala

Mtu akija Chilangala, huku Newala, akanadi kwamba nishati ya siku zijazo itachotwa katika maji, mwenyeji wa hapa ana haki ya kumtazama kitambo kabla ya kumkaribisha kiti, kwa sababu uwanda huu wa juu wa Makonde, ulioinuka juu ya bonde la Ruvuma na kutandikwa mchanga unaoimeza mvua kabla haijatulia, ni nchi ambayo kwa vizazi vingi mama zetu na dada zetu waliamka alfajiri wakateremka magenge na kuyapanda tena wakiwa na mitungi vichwani, na hata baada ya kuanzishwa, katika miaka ya 1950, mradi wa kupandisha maji kwa pampu kutoka bondeni, ndoo ya maji haijapata kuwa kitu cha mchezo. Naanza na ndoo hiyo kwa makusudi, maana shaka ya msomaji wa huku ni shaka ya haki, nayo hujibiwa kwa hesabu.

Haidrojeni kilo 1, kwa kanuni ya maumbile, hutoka katika lita 9 za maji, na kilo 8 zinazosalia huwa oksijeni. Kwa hiyo ndoo ya lita 20, isipomwagika hata tone, yatosha kilo 2 na ushei. Walakini, ili kuyatenga maji hayo kwa umeme, mitambo mizuri ya viwandani hula uniti 50 hadi 55 kwa kila kilo, na maana yake ni kwamba ndoo ile moja, uliyoiona nzito kichwani, itakuwa imemeza uniti zaidi ya 100 za luku kabla haijakauka. Muulize jirani aliyevutiwa umeme uniti 100 humfikisha siku ngapi nyumbani kwake, utajua papo hapo kwamba katika kazi hii mwenyeji wa Newala, aliyezoea kuhofia kiu ya maji, atashikwa kwanza na kiu ya umeme. Elimu yote ya nikeli ninayotaka kukupa humu ni elimu ya kupunguza uniti hizo. Haiongezi maji, wala, kinyume cha wanavyodhani wengi, haiongezi gesi.

Jambo hili la mwisho ni vema ulishike barabara kabla hujanunua chochote. Mwaka 1800 Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walichovya nyaya za betri katika maji mjini London wakaona mapovu, na tangu hapo kanuni haijabadilika: mkondo wa umeme ukipita katika maji yaliyotiwa kitu cha kuyafanya yapitishe umeme, bamba la upande wa hasi hutoa haidrojeni na bamba la upande wa chanya hutoa oksijeni, na haidrojeni huwa maradufu ya mwenziwe kwa ujazo. Kiasi cha gesi hufuata kiasi cha mkondo, basi: ampia 10 zikipita kwa saa moja hukupa haidrojeni ya lita 4 na nusu hivi katika hali ya hewa yetu, iwe mabamba yako ni ya dhahabu au ya misumari. Kinachotofautiana ni volti. Maumbile yenyewe hudai volti 1.23 ili maji yaachane, na volti 1.48 ikiwa hutaki chombo kiazime joto kwa jirani. Lakini chombo halisi hudai 1.8, au 2, au 2.4, na ziada hiyo, ukiacha ile inayopotea njiani katika maji na nyaya, ni ushuru unaotozwa mlangoni, juu ya uso wa kila bamba, pale chembe zinaposhikwa, kugeuzwa na kuachiwa. Kichocheo ndicho kinachopunguza ushuru. Jina lenyewe limetoka katika kuchochea moto, nalo limekaa mahali pake, isipokuwa kwamba kijiti cha jikoni huishia kuungua, ilhali kichocheo cha kweli hubaki kama kilivyokuwa.

Chukua hesabu moja tu uiandike ukutani: zidisha volti za chombo kimoja kwa 26.6, utapata uniti zitakazoliwa na kilo 1 ya haidrojeni. Chombo cha volti 2.4 hula karibu uniti 64. Cha volti 1.8 hula 48. Uniti 16 zilizookolewa kati ya viwili hivyo zimo karibu zote katika ngozi ya mabamba, ngozi nyembamba kuliko karatasi. Na mchuuzi atakayekuja kukuuzia unga au kimiminika akidai kwamba kitakuongezea gesi kwa ampia zile zile, mpe maji ya kunywa na umwage kwaheri.

Kwa nini nikeli? Platini hufanya kazi ya bamba la hasi vizuri kuliko madini yote, na katika mitambo ya namna nyingine, ile inayotumia utando wenye tabia ya asidi, bamba la chanya hutaka iridiamu, ambayo dunia nzima huchimba tani chache tu kwa mwaka. Nikeli huchimbwa kwa mamilioni ya tani, na ina fadhila moja ambayo chuma, shaba na aluminiamu hazina kwa ukamilifu: ukiitia katika alkali kali haiyeyuki wala haioti kutu ya kuidhuru. Neno alkali, kwa kutaja kando, ni la Kiarabu, nalo lilimaanisha majivu ya magugu yaliyochomwa; limezunguka Ulaya ndipo likaturudia. Ndani ya alkali hiyo nikeli hujivika ngozi. Upande wa chanya hugeuka polepole kuwa na rangi ya kijivu cheusi, ambayo ni oksidi yenye haidrojeni ndani yake, na hiyo ngozi nyeusi ndiyo inayofanya kazi. Upande wa hasi hubaki madini matupu, na hapo uzuri wake hutegemea wingi wa vinyweleo na mikwaruzo inayolipa bamba dogo uso mkubwa. Anayeuliza nikeli ya kilo ngapi inatakiwa ameuliza swali la mfanyabiashara wa chuma chakavu. Swali la fundi ni ngozi gani, imepatikanaje, na nani anaitunza.

Madini yenyewe hayako mbali nasi. Ukitoka Masasi ukaelekea Nachingwea, katika mkoa wa Lindi, kuna kilima cha Ntaka ambacho kimepimwa na kukutwa na nikeli, na ambacho kimejulikana duniani zaidi kwa kesi kuliko kwa madini: leseni ya kushikilia eneo lile ilifutwa baada ya mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kampuni ya Indiana Resources ya Australia na wenzake wakapeleka shauri kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 100, kabla ya pande zote kupatana mwaka uliofuata kwa kiasi pungufu. Kaskazini magharibi, huko Ngara, iko Kabanga, ambako serikali na wabia wake walisaini mkataba Januari 2021 ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel. Kote kuwili nikeli imelala ardhini ikiwa imefungamana na salfa, na hiyo salfa, kama utakavyoona, itatufuata mpaka juu ya bati.

Hata hivyo, hutachimba. Utanunua, na hapa ndipo udanganyifu ulipo. Vipande vyembamba vinavyouzwa kwa mafundi wa betri kwa jina la nikeli aghalabu ni chuma kilichopakwa nikeli, na katika alkali upako ukipasuka chuma kitatokeza. Kipime hivi: chukua sumaku ya spika mbovu, uone kama inakivuta, nikeli safi huvutwa, na chuma pia huvutwa, lakini chuma cha pua cha masufuria mengi ya kigeni hakivutwi. Kisha kishike kipande kwa koleo juu ya jiko la mkaa na ukiguse kwa sumaku mara moja moja kadiri kinavyopata moto: nikeli safi huiacha sumaku kwenye nyuzi 358 hivi, kabla haijaanza kuwa nyekundu, na ikipoa huirudia, chuma hung'ang'ania mpaka kiwe chekundu sana. Jaribio hili halihitaji maabara, na ni zuri kwa wanafunzi, maana huwaonyesha kwamba usumaku si tabia ya milele. Kikwaruze pia kwa msasa na ukiache katika maji ya chumvi usiku kucha. Kikiota kutu, kirudishe dukani.

Usitumie waya wa jiko la umeme, ingawa nikeli imo humo kwa wingi, kwa sababu umechanganywa na kromu, na kromu katika bamba la chanya huyeyuka na kuyatia maji rangi ya manjano ambayo ni sumu ya saratani. Kwa sababu hiyo hiyo chuma cha pua, ambacho wengi hukisifu kwa bei yake, sikishauri kwa bamba la chanya katika shule. Wala usithubutu kupasua betri za zamani za nikeli na kadimiamu ukitafuta nikeli bure, kwa kuwa kadimiamu haisamehi. Sarafu za shilingi za mwaka 1966 zina nikeli, lakini sehemu kubwa ni shaba. Ziache kwenye kibubu.

Sasa maji. Nyumba nyingi za Newala zina kisima cha saruji kinachopokea mvua kutoka paani, na maji hayo, kwa kuwa hayajapita ardhini, hayana chokaa wala magnesi ya kuganda juu ya mabamba. Kwa kazi yetu ni bora kuliko ya bomba. Lakini mwenye mikorosho anajua kwamba kati ya Juni na Septemba, wakati wa maua, hupuliziwa unga wa salfa ili kuzuia ubwiriunga, na unga ule hausomi ramani ya shamba. Hupanda na upepo, hutua juu ya bati, na hukaa hapo ukisubiri mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba. Salfa katika maji baridi haiyeyuki, ila ikiingia katika alkali ya moto huyeyuka na kuwa sulfidi, nayo sulfidi hushika nikeli. Sitasema kwamba hilo ni baya siku zote, maana wako wahandisi waliopaka bamba la hasi nikeli yenye salfa kwa hiari yao na wakafaidika, ingawa katika mitambo mingine inayotumia nikeli salfa hiyo hiyo huua kichocheo kabisa. Ninachosema ni kwamba kitu ambacho hukukitia kwa mkono wako hujui kimefanya nini, na vipimo vyako vyote vitakuwa hadithi. Basi maji ya mvua mbili tatu za mwanzo yamwage kando, na yatakayofuata yakeneke.

Kukeneka, alhamdulillahi, hakuhitaji kufundishwa katika nchi ya mabibo. Wapikao nipa, na sisemi ni akina nani kwa kuwa sheria ina masikio, wanajua kwamba mvuke ukipitishwa katika bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi hurudi kuwa kimiminika. Kazi ni ile ile, isipokuwa chombo kiwe kipya, maana chungu cha nipa kimekwishaingia mambo yake, na bomba lisiwe la shaba, kwa kuwa shaba kidogo tu itakwenda kujipaka juu ya bamba la hasi na kuifunika nikeli yako. Asiyetaka taabu hiyo anunue gereji maji ya betri, akihakikisha kwa kusoma chupa kwamba ni maji yaliyokenekwa na si asidi, kwa sababu watu huviita vyote viwili kwa jina moja, na kosa hilo katika kazi ya kostiki ni la hatari.

Kostiki yenyewe ipo ya aina mbili. Viwandani hutumia ya potashi kwa kiasi cha asilimia 25 hadi 30 ya uzito, kwa joto la nyuzi 70 hadi 90, kwa kuwa hapo ndipo umeme hupita kwa wepesi. Watengeneza sabuni ya maji huijua hiyo, na watengeneza sabuni ya mche huijua ya soda, ambayo nayo itakufaa kwa kuanzia ukiridhika na volti kidogo zaidi. Gramu 250 za kostiki tia polepole katika gramu 750 za maji, wala usifanye kinyume, maana joto litakalotoka linaweza kurusha tone mpaka jichoni, na jicho lililoingiwa na alkali lioshwe kwa maji mengi papo hapo, dakika nyingi bila kukoma, huku mtu mwingine akitafuta namna ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Miwani na glovu ni sharti. Usitumie sufuria ya aluminiamu kwa hali yoyote: kostiki huila, na katika kuila hutoa haidrojeni nyingi mahali usipoitaka. Ndoo ngumu ya plastiki yafaa. Ifunike siku zote, maana hewa tunayoitoa puani na moshi wa jikoni vina kaboni dioksidi inayoigeuza kostiki kuwa magadi, na magadi hupunguza nguvu mwezi hadi mwezi mpaka siku moja utashangaa volti zimepanda bila sababu.

Tumefika kwenye ngozi, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Kata vipande viwili vya nikeli, vyembamba au vya wavu, kila kimoja sentimita 2 kwa 5, ukiacha mkia wa kuunganishia waya. Visugue kwa msasa, vichemshe katika maji ya sabuni, vioshe, kisha vichovye kwa dakika chache katika asidi ya haidrokloriki iliyochujuliwa hadi asilimia 10 hivi, ili oksidi ya zamani iondoke. Vioshe tena kwa maji yaliyokenekwa na tangu hapo usiviguse kwa vidole, maana mafuta ya kidole ni adui mdogo asiyeonekana. Ukiishia hapa unayo mabamba ya nikeli tupu, na chombo chako katika joto la kawaida kitadai volti 2 na zaidi kwa mkondo wa maana. Yapime hivyo hivyo kwanza. Watu hupenda kurukia kichocheo wasijue walikoanzia, kisha hushindwa kusema wamepata nini.

Bamba la hasi linahitaji vinyweleo. Mwaka 1925 Mmarekani Murray Raney alipata hataza ya namna ya kutengeneza nikeli yenye matundu madogo yasiyohesabika, akitafuta njia ya kugandisha mafuta ya mimea; alichanganya nikeli na kitu kinacholiwa na kostiki, kisha akakiosha kitu hicho, kikaacha mifupa ya nikeli. Kwa hiyo huenda nikeli ilikwishapita jikoni kwenu zamani, katika kopo la mafuta ya mgando. Fundi asiye na tanuru aweza kuiga hila hiyo kwa upako: katika lita moja ya maji yeyusha gramu 250 za salfeti ya nikeli, 45 za kloridi ya nikeli na 35 za asidi ya boriki, mapishi ya namna aliyoitangaza Oliver Watts mwaka 1916, ambayo bado inatumika duniani kote, yapashe moto hadi nyuzi 50, fungia bamba lako upande wa hasi na kipande kingine cha nikeli upande wa chanya, upitishe ampia 0.2 kwa kila sentimita 10 za mraba, na baada ya nusu saa utapata ngozi ya kwanza. Hapo ongeza salfeti ya zinki katika maji hayo uendelee, zinki na nikeli zishuke pamoja zikiwa zimechanganyika. Halafu lilaze bamba katika kostiki ya vuguvugu usiku kucha, zinki itayeyuka ikitoa mapovu, na asubuhi uso utakuwa mweusi usiong'aa. Usiuache ukauke. Ngozi ya namna hii ikikaushwa yaweza kushika moto hewani, na hata isiposhika, huharibika. Itoke katika kostiki iingie katika chombo.

Bamba la chanya lina siri ambayo nafikiri ndiyo nzuri kuliko zote, nayo ni chuma. Wale waliotengeneza betri za nikeli tangu enzi za Edison walijua kwamba chuma kidogo kikiingia katika bamba la nikeli, betri huanza kutoa oksijeni mapema badala ya kushika umeme, na wakakihesabu chuma kuwa maradhi. Mwaka 1987 Dennis Corrigan, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwa vipimo kwamba hata uchafu mdogo mno wa chuma, ule unaokuja wenyewe ndani ya kostiki, hupunguza sana volti za kutoa oksijeni. Maradhi ya fundi betri yakawa dawa ya fundi haidrojeni, na tangu hapo imebainika kwamba sehemu kubwa ya sifa walizopewa watu kwa nikeli safi zilikuwa za chuma kilichojificha. Ili kukitia kwa makusudi, tayarisha maji mepesi yenye sehemu 9 za naitreti ya nikeli kwa sehemu 1 ya salfeti ya chuma, yawe mapya ya siku ile ile, kwa sababu chuma hicho kikikaa hewani hugeuka na kushusha kutu. Ulichovye bamba humo likiwa limefungwa upande wa hasi, naam, wa hasi, ingawa kesho litakuwa la chanya, ukipitisha mkondo mdogo kwa dakika chache mpaka uone utando mwembamba wa kijani au wa rangi ya kutu. Usikosee ukatumia mrututu kwa kuwa nao ni salfeti; huo ni wa shaba.

Chombo chenyewe kitengeneze kwa viwiko vya bomba la plastiki vilivyounganishwa kuwa umbo la herufi U, mkono mmoja kwa kila bamba, ili gesi mbili zisikutane. Mabamba yakiwa mbali volti huongezeka kwa ajili ya urefu wa njia, lakini kwa shule usalama hutangulia. Haidrojeni ikichanganyika na hewa kuanzia asilimia 4 hadi 75 hushika moto kwa cheche ndogo, na ikichanganyika na oksijeni yake yenyewe hulipuka kwa ukali zaidi. Kwa hiyo fanyia kazi hii penye hewa, usikusanye zaidi ya chupa ndogo, usiihifadhi katika mpira, na anayetaka kusikia mlio wake awashe gesi ya kichupa kimoja tu, mbali na chombo, wala si mdomoni mwa chombo.

Umeme wa jua wafaa sana, kwa masharti. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufanya kazi vizuri kwenye volti 17 au 18, na ukiifunga kwenye chombo kimoja kinachotaka 2 utakuwa umetupa karibu yote. Funga vyombo 8 kwa mfuatano, kila kimoja kipate volti 2 na kidogo. Paneli ya wati 100 katika jua kali itapitisha ampia 5, na vyombo 8 vitakupa jumla ya haidrojeni lita 18 kwa saa, huku maji yaliyotumika hayajazi kikombe cha kahawa. Uzito wake ni gramu 1 na nusu. Ukitaka kilo moja itakubidi ungoje siku kama 120 za jua zuri, na kwa hiyo simshauri mtu wa Chilangala auze mfuko wa korosho anunue paneli za kupikia haidrojeni. Paneli hiyo akiifunga kwenye pampu au taa itamtendea hisani kubwa zaidi. Wala asimsikilize fundi atakayemwekea kikopo cha mapovu kwenye pikipiki akiahidi kupunguza petroli, kwa kuwa umeme wa kikopo unatokana na petroli ile ile, na kila hatua hukatwa ushuru wake. Kazi hii huwa ya faida pale umeme ulipo mwingi na haidrojeni inatakiwa kwa jambo lingine, kama ilivyokuwa Aswan nchini Misri na Kwekwe nchini Zimbabwe, ambako kwa miongo kadhaa maji yalitengwa kwa umeme ili kupata mbolea. Hapa kwetu ni kazi ya kufundisha na ya kujiandaa. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 katika mkoa huu huu wa Mtwara, nayo ni ya jamii ile ambayo dunia hutolea sehemu kubwa ya haidrojeni yake, kwa mvuke na kichocheo, na kichocheo hicho, msomaji amekwisha kubuni, ni nikeli.

Katika kupima, shika daftari. Mkondo uwe mmoja, umbali wa mabamba uwe mmoja, joto liwe moja, na usome volti baada ya nusu saa, si dakika ya kwanza, kwa sababu ngozi mpya hujikunja na kujinyoosha kabla haijatulia. Pima nikeli tupu, kisha bamba la hasi peke yake likiwa limebadilishwa, kisha la chanya, kisha yote mawili. Tofauti ya volti 0.2 iliyodumu wiki moja ina thamani kuliko tofauti ya 0.5 iliyodumu saa moja, na ni uchovu wa kuiandika wiki nzima unaowashinda wengi.

Maradhi ya ngozi huja zaidi chombo kinaposimama kuliko kinapofanya kazi. Jua likitua, bamba la chanya lenye oksidi na la hasi lenye haidrojeni hugeuka kuwa betri, na betri hiyo husukuma mkondo kinyumenyume kupitia nyaya, ikilioksidisha bamba la hasi ulilolitaabikia. Tia dayodi katika waya wa paneli, au bora zaidi uchomoe waya mmoja kila jioni; mwenye betri ndogo akiachia mkondo mdogo mno upite usiku kucha, ngozi yake itaishi zaidi. Maji yakigeuka manjano, kuna kromu mahali fulani. Bamba la hasi likipata wekundu wa shaba, tafuta waya uliozama. Utando mweupe ni chokaa, na chanzo chake ni maji.

Mwisho ni mabaki, ambayo husahauliwa. Maji ya nikeli yaliyokwisha kazi yasimwagwe shambani wala karibu na kisima, na nikeli haifai kugusa ngozi ya mtu wala vumbi lake kuvutwa puani. Yatie magadi kidogo kidogo ukikoroga mpaka unga wa kijani ushuke na maji ya juu yawe meupe. Chuja, unga huo uuhifadhi ukiwa bado mbichi katika chupa yenye kifuniko, uandike jina lake na tarehe, uufungie kabatini. Mwaka utakaofuata waweza kuuyeyusha kwa asidi na kupaka tena.